Nyumba Ndefu za Kindu na Bei ya Upana Wake

Ukitoka stesheni ya reli ya Kindu ukashika mitaa ya zamani ya Kasuku, upande wa magharibi wa mto Lualaba, utazikuta nyumba za chini zilizojengwa wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, nyingi katika miaka kumi na mitano ya mwisho kabla ya uhuru. Ni ndefu, zimelala sambamba na barabara, kina chake hakizidi chumba kimoja au viwili. Paa limeshuka mbele likabebwa na nguzo za baraza. Kando na nyuma kuna kiwanja kikubwa kuliko nyumba yenyewe, na mwisho wa kiwanja, mbali na jengo la bwana, kuna kibanda cha vyumba viwili alimolala mtumishi, ambacho mpaka leo watu wanakiita boyeri. Kwa nini zikajengwa hivi? Jibu la kawaida ni joto: Mzungu alikuja kwenye nchi ya jua na mvua, akahitaji hewa, akajenga nyumba inayopitisha upepo. Jibu hilo lina ukweli, lakini ni ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo historia yenyewe ya mji huu. Joto linaeleza baraza, madirisha na paa. Upana halielezi. Upana wa nyumba hizi ulitokana na ardhi iliyotwaliwa bila bei, na reli iliyolazimika kuwalaza watu wake, na sheria iliyopanga nani alale karibu na nani. Mambo hayo matatu yalikuja pamoja, na yalipoondoka, nyumba nazo zikabadilika.

Wabelgiji wa Kindu hawakuwa peke yao katika kupenda nyumba ndefu ya chini. Miaka ileile Marekani ilikuwa ikiijenga kwa wingi usio na kifani, kwa jina la nyumba ya ranchi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, huko San Diego katika jimbo la California, mjenzi Cliff May alianza kuuza nyumba zilizoiga makazi ya udongo ya wafugaji wa enzi za Wahispania na Wameksiko: vyumba kwa mstari, ua katikati, mlango wa kutokea bustanini. Baada ya vita vya 1939–1945 mtindo huo ulivamia viunga vya miji, ukasifiwa kwa hewa, mwanga na maisha huru ya familia. Sifa hizo zilikuwa za kweli, ila kulikuwa na masharti. Nyumba ya aina hiyo ilihitaji shamba la bei rahisi nje ya mji, gari la kufika huko, na mkopo wenye dhamana ya serikali. Shirika la serikali lililodhamini mikopo ya nyumba tangu 1934 lilihesabu mchanganyiko wa watu wa rangi mbalimbali kuwa hatari kwa thamani ya nyumba. Levittown, mji wa nyumba zilizojengwa kwa wingi kwa mtindo wa kiwanda ulioanza mwaka 1947 karibu na New York, uliandika katika mikataba yake kwamba asiye mzungu haruhusiwi kukaa humo isipokuwa awe mtumishi wa nyumbani. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilitamka kwamba mahakama haziwezi kulazimisha masharti kama hayo yafuatwe, lakini mlango uliendelea kufungwa kwa njia nyingine. Nafasi ya familia moja ilipatikana kwa sababu familia nyingine ilizuiwa. Kipimo hicho ndicho ninachotaka kukileta Maniema, jimbo la Kindu.

Kindu ya leo ni mtoto wa reli. Mwaka 1902 Mbelgiji Édouard Empain aliunda kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, CFL, na Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya mfalme Leopold II, ikaipa haki juu ya hekta milioni 4 za ardhi. Ardhi hiyo ilikuwa na watu, ilikuwa na mashamba na makaburi, na watu hao hawakuulizwa. Kipande cha kwanza cha reli, cha kukwepa maporomoko kati ya Stanleyville na Ponthierville, yaani Kisangani na Ubundu, kilikamilika 1906. Kutoka Ubundu mpaka Kindu Lualaba inapitika kwa meli, kisha mto unafungwa tena na mawe, na hivyo kipande cha pili kikajengwa kutoka Kindu hadi Kongolo, kilomita zipatazo 355, kikamalizika mwishoni mwa 1910. Hapo ndipo Kindu ilipopata kazi yake: mahali ambapo mzigo unashuka melini na kupanda treni. Kila gunia lilipita mikononi mwa watu wa Kindu, kila kichwa cha treni kilihitaji fundi, kila fundi mahali pa kulala. Dekreti ya 1922 kuhusu mkataba wa kazi ilimwekea mwajiri wajibu wa kumlaza mfanyakazi wake, na kampuni ikawa mwenye nyumba mkubwa wa mji. Mwaka 1955 njia ya reli ilipanuliwa kutoka upana wa mita moja hadi sentimita 106.7, na mwaka 1956 kipande cha Kabalo–Kamina kikaiunganisha na reli za Katanga. Kuanzia hapo saruji, mabati, vioo na mabomba vingeweza kupanda treni kusini na kushuka Kindu bila kupakuliwa njiani. Tukumbuke pia kwamba Mpango wa Miaka Kumi wa serikali ya kikoloni ulikuwa ukiendelea tangu 1949. Si ajabu basi kwamba miaka ya 1950 ndiyo iliyoacha alama nzito zaidi mjini.

Turudi sasa kwenye hoja ya joto, maana inastahili kupewa haki yake. Kindu iko nyuzi tatu hivi kusini mwa ikweta, chini bondeni, katika nchi ya msitu na mvua nyingi. Jua la saa sita liko utosini. Katika hali hiyo nyumba ndefu yenye kina kidogo ina akili nyingi. Ukiilaza mashariki-magharibi, jua la asubuhi na la jioni linapiga kuta mbili fupi tu, huku zile ndefu zikikaa kivulini mwa paa. Madirisha yanatazamana, upepo ukiingia mbele unatokea nyuma. Juu ya madirisha, chini kidogo ya dari, mafundi wa miaka hiyo walipenda kupanga matofali yenye matundu, ili hewa ya moto iliyopanda ipate pa kutokea hata usiku madirisha yakifungwa. Sakafu ya saruji iliinuliwa juu ya msingi ili maji ya mvua yasiingie. Baraza lilikinga ukuta usioshwe na mvua ya upepo. Maxwell Fry na Jane Drew, wasanifu Waingereza waliofanya kazi Afrika Magharibi, walikusanya mafunzo ya namna hii katika kitabu chao cha 1956 kuhusu ujenzi katika nchi za joto na unyevu, na mengi waliyoyaeleza unaweza kuyaona kwa macho Kasuku. Nayakubali yote haya. Lakini jua lilelile liliwapiga wapakuzi wa mizigo na wachochea moto wa treni, na mvua ileile iliwanyeshea. Hao walijengewa kampi: safu za vyumba vilivyobanana, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, dirisha dogo, familia nzima chumba kimoja au viwili. Kama hali ya hewa ndiyo iliyokuwa mchoraji, ingewachorea watu wote. Nairobi ilikuwa hivyohivyo: shirika moja la reli liliwajengea maofisa wake nyumba za baraza na bustani mlimani, na wafanyakazi wake safu za Muthurwa, chini ya mbingu moja. Elimu ya upepo ilikuwepo na ilijulikana. Iligawiwa kwa cheo.

Na kwa rangi. Miji ya Kongo ya Wabelgiji ilipangwa kwa kutenga mtaa wa Wazungu na mtaa wa Waafrika, kukiwa na ukanda mtupu kati yake. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya afya: mbu wa malaria hawezi kuruka mbali, kwa hiyo Mzungu akiwekwa umbali wa mita mia kadhaa kutoka walipo Waafrika atasalimika. Mbu hakutenga mtu, na mtumishi aliyelala boyeri alikuwa hatua chache tu kutoka dirisha la bwana wake. Hilo peke yake latosha kuonyesha kwamba daktari alitumiwa kuipa sheria uso mzuri. Usiku Mwafrika hakuruhusiwa kutembea mtaa wa Wazungu bila kibali. Dekreti ya 1931 iliwapa Waafrika wa mijini maeneo yao ya utawala, walikohesabiwa, kutozwa kodi na kusimamiwa. Katika mpango kama huo ardhi ya mtaa wa Wazungu haikuwa na mashindano. Hakuna Mkongomani aliyeweza kununua kiwanja cha jirani, hakuna aliyesukuma bei kupanda, hakuna aliyelazimika kujenga juu kwa kukosa nafasi chini. Kiwanja kikubwa kikawa cha kawaida. Bustani yenyewe ilikuwa sehemu ya ukanda ule mtupu, ukiwa umekatwa vipande na kugawiwa kila nyumba: umbali kati ya baraza na barabara, umbali kati ya chumba cha kulala na boyeri. Na umbali huo ulifagiliwa, ukafyekwa nyasi na kumwagiwa maji kila siku kwa mikono ya watu wasioruhusiwa kuishi humo ila kama watumishi. Pasipo kazi ya bei ya chini, nyumba ya namna hii isingetunzika hata mwaka mmoja.

Wapo watakaosema kwamba ninaipa Ubelgiji mno, kwamba nyumba ya chini yenye baraza ilikuwepo Maniema kabla ya Mbelgiji wa kwanza. Ni kweli kabisa, na ushahidi huo unaisaidia hoja yangu badala ya kuivunja. Livingstone alipofika Nyangwe mwezi Machi 1871 aliwakuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kutua. Baadaye mfanyabiashara Tippu Tip na watu wake waliifanya Kasongo kuwa mji mkubwa wenye mashamba ya mpunga na michungwa. Majeshi ya Dola Huru chini ya Dhanis yaliiteka Nyangwe mwezi Machi 1893 na Kasongo mwezi Aprili. Daktari Sidney Hinde, aliyekuwa pamoja nao, alieleza katika kitabu chake cha 1897 chumba alichojichukulia Kasongo: urefu futi 80, upana futi 15, na mlango wake ukifungukia shamba la michungwa. Tukigeuza vipimo hivyo ni kama mita 24 kwa mita 4 na nusu. Chumba kirefu, chembamba, cha chini, kinachotokea bustanini! Cliff May wakati huo alikuwa hajazaliwa. Sisemi kwamba Wabelgiji waliiga Kasongo. Kufanana kwa umbo si ushahidi wa ukoo. Ninalosema ni kwamba Kasongo nayo ilikuwa na ardhi iliyotwaliwa na kazi isiyolipwa, maana michungwa ile na mpunga ule vililimwa na watumwa. Hali hizo mbili zilipokutana, nyumba ikanyooka na kutanuka, awe mwenyewe amevaa kanzu au kofia ya jua. Tazama upande wa pili: Waungwana wa kawaida, waliojenga nyumba za udongo za pembe nne kote Maniema, walikuwa na baraza mbele ya mlango na vyumba vichache pande mbili za ukumbi, jengo la kushikana, lisilopoteza hatua. Baraza halina gharama kubwa. Kila mwenye mikono na miti anaweza kulijenga. Upana ndio uliokuwa na bei.

Miaka ya 1950 bei hiyo iligeuzwa kuwa mtihani. Serikali ilikuwa imeanza kuwatambua Waafrika wachache waliosoma, wale walioitwa évolués, na dekreti ya Mei 1952 ikatengeneza utaratibu wa immatriculation, cheti cha kumweka Mkongomani chini ya sheria moja na Wazungu katika baadhi ya mambo. Ili kukipata, mtu alikaguliwa maisha yake, na ukaguzi ulifika nyumbani. Tume iliingia, ikatazama jinsi vyumba vilivyogawanywa, kama watoto wana pao pa kulala, kama familia inakula mezani kwa uma na kisu, kama choo ni safi, kama mke anakaa mezani pamoja na mumewe. Patrice Lumumba, aliyewahi kuwa karani wa kampuni ya madini ya Symétain huku Maniema kabla ya kuhamia Stanleyville, alipata cheti hicho mwaka 1954, baada ya kunyimwa mara ya kwanza. Ninauona huu kuwa ushahidi mzito kuliko ramani zote. Mtu aliyezuiwa kununua nafasi alipimwa utu wake kwa namna alivyoitumia nafasi aliyozuiwa. Ni kweli kwamba mwaka huohuo wa 1952 serikali iliunda Ofisi ya Miji ya Waafrika, iliyojenga maelfu ya nyumba za matofali kwa mkopo, lakini kazi yake kubwa ilikuwa katika miji mikubwa kama Léopoldville, Elisabethville, Stanleyville na Bukavu. Kwenye mji wa reli kama Kindu aliyetaka nyumba ya matofali alitazama zaidi kwa mwajiri, na nyumba ya mwajiri hukaliwa kwa muda wa ajira tu.

Uhuru ulipofika 1960 sheria za kutenga zilikufa, na miaka iliyofuata ilikuwa ya damu. Novemba 1961 wanahewa 13 Waitalia wa Umoja wa Mataifa waliuawa Kindu. Julai 1964 waasi wa Simba waliuteka mji, na Novemba jeshi la serikali pamoja na mamluki likaurudisha. Wazungu wengi walikwenda zao. Sheria ya ardhi ya 1973 ilitamka kwamba ardhi yote ni mali ya dola, na Novemba mwaka huo rais Mobutu akatangaza zaïrianisation, iliyowanyang'anya wageni maduka, mashamba na majengo. Mwaka uliofuata reli za nchi ziliunganishwa katika shirika moja la taifa, ambalo leo ni SNCC, nalo likarithi nyumba za CFL. Kisha zikaja vita vya 1996 na 1998, treni zikakatika, mishahara ikakatika nayo. Ndani ya miaka hiyo nyumba ndefu zilibadilika mbele ya macho ya watu. Boyeri ikapangishwa au ikakaliwa na mtoto aliyeoa. Bustani ikalimwa muhogo wa sombe. Nyasi za mbele zikapata kibanda cha duka. Baraza la pembeni likazibwa kwa matofali likawa chumba. Jiko likahamia uani, chini ya mabati mawili, kwa sababu makaa hayapikiki ndani. Wengine hutazama haya na kusema nyumba zimeharibiwa, kwamba warithi hawakujua kutunza. Hukumu hiyo siikubali. Nyumba iliyochorwa kwa ajili ya familia ya watu wanne wenye watumishi watatu, kwenye ardhi isiyo na bei, haiwezi kubaki ilivyo ikikaliwa na watu kumi na watano wenye mshahara usiofika. Waliojaza kiwanja waliitumia nafasi kwa haki zaidi kuliko waliokiacha wazi. Palipoharibika kweli ni paa: bati lililooza lisipobadilishwa, maji hushuka ukutani, dari huanguka, na mchwa humaliza boriti. Lakini huo ni ugonjwa wa umaskini, hauna uhusiano na ustaarabu wa mkaaji.

Limebaki pingamizi moja, nalo ni zito. Kama nyumba hizi ni mazao ya unyang'anyi na ubaguzi, kwa nini mtu wa Kindu azihangaikie? Zianguke, zijengwe mpya. Naielewa hasira hiyo, lakini naona inamkosea aliyezijenga. Matofali yalifinyangwa na kuchomwa kwa udongo wa hapa, mbao zilipasuliwa msituni humu, na aliyeshika mwiko na pima-maji alikuwa fundi wa Maniema. Mbelgiji alishika karatasi. Tukiziacha zipotee, tunapoteza kazi ya mikono ya babu zetu pamoja na ushahidi wa walichofanyiwa. Na wapo watakaoona thamani kabla yetu. Kule Brazzaville, ng'ambo ya mto Kongo, Mfaransa Jean Prouvé aliweka mwaka 1951 nyumba za chuma zilizotengenezwa Ufaransa, zenye baraza na kuta za kupitisha hewa. Zilikaa pale karibu nusu karne, zikachakaa, watu wakizipita. Wafanyabiashara wa sanaa wakazifungua, wakazisafirisha, na Juni 2007 moja iliuzwa mnadani New York kwa karibu dola milioni 5. Matofali ya Kindu hayafunguki wala hayasafirishwi, na hakuna mnada unaoyangoja. Hilo linatuachia sisi peke yetu jukumu la kuyajali. Kuyajali hakumaanishi kuwatoa wakaaji na kurudisha bustani za 1955. Kufanya hivyo kungekuwa kurudisha upana bila kumbukumbu ya bei yake. Boriti itengenezwe, matundu ya hewa yasizibwe, na kibanda cha boyeri kihifadhiwe sawa na jengo kubwa, kwa maana bila boyeri nyumba ile haielezeki. Kampi nayo iingie katika orodha hiyohiyo, safu kwa safu.

Nchi ina sheria ya kulinda mali ya utamaduni tangu Machi 1971, na Kindu ina chuo kikuu. Naomba idara ya utamaduni ya jimbo, SNCC kama mwenye nyumba, na walimu wa chuo wakubaliane juu ya jambo dogo la kuanzia: kila nyumba ya reli ipimwe, ichorwe na kupigwa picha pamoja na kiwanja chake, na kila mstaafu wa reli aliye hai aulizwe nani alikaa wapi na nani alijenga. Kazi hiyo inahitaji futi ya kupimia, simu yenye kamera, na ruhusa ya wakaaji. Ianze kiangazi kinachokuja, kabla mvua hazijarudi juu ya mapaa hayo.